Bahasha ya Ayen

Mwezi uliopita tulimzika Mkuu. Nasema Mkuu kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote katika maabara ya ile hospitali ya Lodwar, na kwa sababu jina lake nimeamua kuwaachia watoto wake, ambao hawakunikosea lolote. Ibada ilifanyika katika kanisa la mabati, saa tano asubuhi, joto likiwa limeshaanza kuyaliza mabati juu ya vichwa vyetu. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alipofika kwenye habari za kazi, alisema kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hakuna karatasi hata moja iliyowahi kupotea mikononi mwake. Watu wakaitikia, "Amina." Mimi sikuitikia. Mama aliyeketi kando yangu alinipa leso, akidhani nalia. Nilikuwa nimekasirika hadi meno yananiuma, maana maneno yale yalikuwa kweli tupu. Karatasi haikupotea. Ilikuwa mahali pake, imefungiwa vizuri, kwa wiki kumi na moja, na mtoto aliyekuwa akiihitaji yuko chini ya udongo wa Kakuma. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mtoto naye ni marehemu. Nani amemsemea?

Nilifika Lodwar nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mtaalamu mpya wa maabara, hiyo ikiwa ajira yangu ya kwanza. Mbali na kwetu Taita, jina langu, Mkawasi, liliwapa watu kazi kulitamka, kwa hiyo wagonjwa waliniita sista au daktari, lolote lililowajia mdomoni kwanza. Nilipanga chumba katika ua wa Akiru, mama wa Kiturkana aliyekuwa msafishaji wa maabara yetu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili za maji na dirisha lisilo na kioo, na upepo ulipovuma nilitafuna mchanga pamoja na ugali. Akiru alipikia uani, samaki wakavu walioletwa na mpwawe kutoka Longech, kando ya ziwa, akiwaloweka tangu asubuhi ili chumvi iwatoke, na tulikula kwenye sinia moja tukisengenya watu wa kazini. Alikuwa hajui kusoma lakini alijua kila kitu: nani kahamishwa, nani kagombana na nani, dawa gani imekwisha. Mtu anayefagia, aliniambia, watu husahau kwamba ana masikio.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mwizi au mlevi ningekwisha kumaliza naye zamani. Alikuwa mtu wa kanisa, shati limepigwa pasi hata siku ambazo sisi wengine tulinuka jasho, na nilipougua malaria wiki yangu ya pili alinitumia maziwa na mkate, akaniambia nisirudi kazini mpaka nipate nguvu. Aliweka rekodi kama mtu anayelea watoto. Kila kitabu kilikuwa na jalada, kila jalada lilikuwa na namba, na barua zote zilizoandikwa jina la mtu ziliingia katika kabati la chuma ofisini mwake, lenye kufuli, kumngojea huyo mtu. Nilimheshimu. Nilijifunza kwake kuandika lebo kwa herufi kubwa zisizosomeka vibaya, na hadi leo naandika hivyo.

Miezi miwili baadaye alikuja Abuk. Alishuka kwenye basi la asubuhi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, shuka la bluu limefungwa begani, na mgongoni mwake binti wa miaka miwili na nusu aliyeitwa Ayen. Niliitwa nimtoe mtoto damu kabla ya upasuaji. Alikuwa na kamchezo ka kushika vifungo vya koti langu jeupe na kuvihesabu kwa Kiarabu cha Juba, "wahid, tinen, talata," akifika cha tatu anarudi mwanzo. Jicho lake la kulia lilikuwa limevimba na kutokeza kidogo, na katikati, mahali palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe uliong'aa kama jicho la paka lililopigwa na tochi.

"Hii nyeupe mimi naona tangu yeye anajifunza kukaa," Abuk aliniambia. Nilikuwa nimemshika mtoto mkono, sindano tayari. "Naenda kliniki ya kambi, wanapa mafuta ya macho. Narudi, wanapa ingine. Tyubu tano, sista. Mimi nasema, hii haiko nje, hii iko ndani. Wanasema, mama, rudi nyumbani, paka dawa."

"Mwisho wakakuandikia uje huku?"

"Mwisho jicho likaanza kutoka nje, ndio wakaamini. Halafu nikangoja kibali ya kutoka kambi. Hiyo nayo wiki tatu."

Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma orodha. Hasira ambayo yeye hakuionyesha niliipata mimi baadaye, yote kwa pamoja, na sijawahi kuimaliza. Mama aliona. Hakuwa na darubini wala cheti. Alikuwa na mtoto mapajani na mwanga wa mlangoni. Aliona miezi mingi kabla ya mtu yeyote aliyelipwa kuona, na akasema, na akapewa mafuta.

Daktari wa macho alikuwa akija kutoka mbali kila baada ya miezi mitatu, akifanya upasuaji wiki nzima kisha anaondoka. Alilitoa jicho la Ayen siku ya Jumanne. Aliniletea mwenyewe chupa maabara, jicho likielea ndani ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia, kubwa kidogo kuliko gololi, na nyuma yake mshipa wa fahamu uliokatwa, ukining'inia kama kikonyo cha tunda. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile nje ya kitabu. "Andika lebo vizuri," alisema. "Maisha ya huyu mtoto yako kwenye hiki kikonyo." Akanieleza, nami naeleza hapa kwa sababu bila hilo mtu hataelewa nilichokosea. Saratani hii ya watoto huanzia ndani ya jicho, upande wa nyuma, na njia yake ya kutorokea ni ule mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Daktari akilitoa jicho hukata mshipa mrefu kadiri awezavyo. Kisha Nairobi wanakata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini, hasa pale mwisho, kisu kilipopita. Mwisho ukiwa safi, mtoto kwa kawaida anapona, anakua, anakwenda shule na jicho moja. Ukikutwa na chembe za saratani, maana yake imeshavuka kisu, na mtoto anatakiwa kuanza dawa za mshipani, ile kemo, mara moja. Hapo mtoto hangojei mwezi mwingine.

Nilifunga chupa kwa plasta, nikaiweka ndani ya kopo lenye pamba, nikaipeleka mwenyewe stendi na kumkabidhi mtu wa mizigo. Sehemu hiyo niliifanya vizuri. Siku Abuk aliporuhusiwa kwenda, tulikuwa watatu kwenye veranda: yeye, daktari na mimi niliyekuwa nikimsaidia daktari kuelewa Kiswahili cha Abuk chenye Kiarabu ndani. Aliuliza, "Sasa yeye amepona?" Daktari akasema tunasubiri majibu ya Nairobi. Uso wa Abuk ulikuwa umechoka mno, nami nikataka kumtuliza. Nikamwambia, "Mama Ayen, tukiona kitu kibaya tutakuita. Usipoitwa, mshukuru Mungu." Daktari hakusema hivyo. Sentensi hiyo ni yangu. Ilitoka kinywani mwangu tamu kama pipi, na Abuk akaichukua, akaifunga pamoja na vitu vyake, akaenda nayo Kakuma.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Niliiona bahasha juu ya meza ya Mkuu, ya kaki, imeandikwa jina la daktari wa macho na chini yake neno "SIRI". Lakini daktari alikuwa amehamishwa, na mwingine hajaletwa. Nikauliza, "Hiyo si ya yule mtoto wa Kakuma?"

"Ni ya daktari," Mkuu alisema.

"Daktari hayupo, Mkuu. Tungeifungua tu tuone."

Alinitazama kwa upole, jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayempenda. "Mkawasi, barua ya mtu haifunguliwi. Leo ukifungua hii, kesho watafungua ya kwako. Akija mwingine rasmi, nitamkabidhi." Akaiingiza kabatini, akafunga kufuli, akauweka ufunguo kwenye mfuko wa shati.

Nami nikarudi kwenye darubini yangu nikahesabu vijidudu vya malaria. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilihisi nini, na ukweli ni kwamba nilihisi nimefanya wajibu wangu: nimeuliza, nimejibiwa na mkubwa. Wiki zile nilikuwa na furaha. Niliimba kwaya. Niliteremka na wasichana wenzangu hadi mto Turkwel, maji yalipopita, tukafua na kuogelea na nguo zetu. Wiki ya sita tangu bahasha ifungiwe nilikuwa nakula mchana katika chumba kidogo cha stoo, githeri kwenye bakuli, na ng'ambo ya ukuta wa mbao nikamsikia karani wa rekodi akimwuliza Mkuu kuhusu ile bahasha, kama ipelekwe hata kwa mganga mkuu wa hospitali. Mkuu akajibu, "Huyo ni mtoto wa wakimbizi, karani. Ameshatoka mikononi mwetu. Kambi ina wenyewe." Karani akacheka kidogo, cheko la kukubaliana na bosi. Kijiko changu kilisimama hewani. Kisha, Mungu anisamehe, nikamaliza githeri yangu.

Kule Kakuma, Abuk hakuitwa. Siku zikapita na hakuitwa, naye akamshukuru Mungu. Alinieleza baadaye kwamba alisimama kanisani kambini akatoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele. Kimya chetu alikisoma kuwa jibu.

Wiki ya kumi na moja alirudi. Sasa alikuwa mjamzito wa miezi mingi, na Ayen alikuwa amefunikwa kitambaa usoni. Hakuvigusa vifungo vya koti langu. Nilipoinua kitambaa, mahali palipotolewa jicho palikuwa pamejaa nyama mpya, nyekundu, ngumu, imesukuma kope nje. Sihitaji kusimulia zaidi. Nilikwenda ofisini kwa Mkuu mbio, nikakuta mlango uko wazi na yeye hayupo. Alikuwa kwenye semina Naivasha, na ufunguo uko naye, mfukoni mwa shati lake safi. Nikabaki nimesimama mbele ya lile kabati, nikilisukuma kwa mikono kama mtoto mdogo.

Akiru alikuwa anapiga deki. Aliacha, akaegemea fagio, akanitazama. "Hiyo karatasi ya mtoto iko ndani?"

"Iko ndani. Na ufunguo uko Naivasha."

"Wewe naogopa kufuli?" alisema. "Kufuli ni kitu ya duka. Mtoto ni ya nani?" Akainama, akaliokota jiwe tulilotumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, akaniwekea mikononi. Lilikuwa la moto.

Nilipiga mara nne. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, na niliisoma nikiwa nimechuchumaa sakafuni penye maji ya deki. Ilisema ni saratani ya jicho ya watoto, kwamba chembe zimeonekana mwisho wa mshipa uliokatwa, na kwamba mtoto aanzishiwe kemo bila kuchelewa. Kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na sahihi ya mtu aliyekaa Nairobi, akatazama kwa makini kikonyo nilichokifunga mimi, akaona alichotakiwa kuona, akakiandika. Kila mtu alifanya kazi yake isipokuwa sisi tuliokuwa karibu na mtoto.

Walimpeleka Nairobi siku ya tatu. Dawa alizipata, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo, na madaktari wa huko walimwambia Abuk kwa ukweli, kupitia mkalimani, kwamba amrudishe mtoto nyumbani akae naye. Ayen alifariki Kakuma, asubuhi, akiwa amelala mkekani kando ya mama yake. Habari nilizipata kwa dereva wa gari la wagonjwa, aliyezisema akinikabidhi sampuli za makohozi, kwa sauti ileile moja.

Wiki hiyohiyo niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Watu watatu, meza ndefu, soda zimepangwa. Walinihoji kuhusu kufuli. Nani alinipa idhini ya kuvunja mali ya serikali, kwa nini sikungoja mwenye ufunguo, kama naelewa uzito wa kufungua waraka wa siri. Nikasema, "Isomeni barua yenyewe. Iko hapo mbele yenu. Someni kilichoandikwa, mwone na tarehe." Mwenyekiti akageuza kalamu yake, akasema, "Barua si ajenda." Mkuu alikuwa ameketi pembeni. Tulipotoka alinishika bega, na nadhani alikuwa na huzuni ya kweli. "Binti yangu," alisema, "ungeningoja." Nikautoa mkono wake begani. Hatukuzungumza tena mambo yasiyo ya kazi kwa miaka yote iliyofuata, na nilipolitazama jeneza lake mwezi uliopita nilijikuta bado nautoa ule mkono.

Nilipewa onyo la maandishi. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la mizigo nikaenda Kakuma. Akiru alinikataza. Alisema mtu haendi kwa mfiwa na mikono mitupu, na mimi sina cha kubeba ila maneno mabaya. Nilikwenda hivyohivyo. Nyumba ya Abuk ilikuwa ya matofali ya udongo, ng'ambo ya laga, ule mkondo mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha milimani, na ndani palikuwa baridi na gizagiza baada ya jua la nje. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Majok, wiki tatu tu. Alinikaribisha. Alinipa chai ya rangi yenye sukari nyingi na karafuu, akanipa kisra, ile mikate myembamba kama kitambaa, na mrenda. Nikala kidogo. Kisha nikamwambia yote: bahasha, kabati, wiki kumi na moja, mbao za ukuta, githeri.

Alisikiliza akimnyonyesha mtoto. Nilipomaliza akauliza, "Nani alikuwa na ufunguo?"

"Mkuu wangu."

"Na wewe ulijua karatasi iko wapi."

"Nilijua, Mama Ayen."

"Uliniambia, nisipoitwa nishukuru."

"Nilisema."

Akainuka, mtoto kwenye mkono mmoja, akaja akachukua kikombe mkononi mwangu, chai ikiwa nusu. Akaenda nacho mlangoni akaimwaga nje, akakifudikiza kikombe chini. Nilidhani ananifukuza, nikasimama. Lakini alirudi akasimama mbele yangu, mrefu, macho makavu, akanipa Majok.

"Hii ugonjwa, kule Nairobi walisema inaweza kupita kwa ndugu," alisema. "Mwangalie. Si kesho. Sasa."

Nilimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, nikamtazama, na sikuona kitu, nikamwambia wazi kwamba kutoona kwangu si jibu, kwamba ni daktari wa macho peke yake anayeweza kutazama hadi nyuma. Sikutuliza mtu tena siku ile. Nilikaa Kakuma siku tatu nje ya ofisi ya vibali, nikikataa kiti, nikikataa "njoo kesho", nikipiga kelele kwa Kiswahili na Kiingereza mpaka afisa mmoja akatia sahihi ili aondokane nami. Majok alipelekwa Nairobi. Walikuta doa moja dogo katika jicho la kushoto, wakaligandisha kwa baridi kali, wakamrudisha tena na tena kumtazama. Leo ni mwanamume, anaendesha lori kutoka Lokichoggio hadi mpakani Nadapal, na anaona kwa macho yote mawili. Nikisimulia hapa watu hufurahi, husema, tazama, Mungu ametoa kitu chema katika ubaya. Nami hapo ndipo hasira hunipanda upya. Doa dogo, baridi kidogo, karatasi iliyosomwa: kumbe ilikuwa kazi inayowezekana kabisa. Ningeweza kuishi na msiba usiozuilika. Huu ulizuilika kwa mdogo wake, mwaka uleule, kwa barabara ileile na watu walewale.

Barua ya kwanza ya majibu ya Majok kutoka Nairobi niliagiza iandikwe jina langu. Niliifungua nikiwa bado nimesimama kwenye dirisha la posta, na kesho yake nilikuwa nayo Kakuma. Abuk alikuwa akipepeta mahindi ya mgao. Alipangusa mikono, akaketi, akaniambia nisome kwa Kiswahili, polepole. Ilikuwa kurasa mbili: jicho la kulia safi, la kushoto limetibiwa, arudi baada ya wiki nne. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Kisha akaichukua, akaigeuza mbele na nyuma, ingawa hakujua kusoma, akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Ile ya Ayen," aliuliza, "ilikuwa refu kama hii?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa fupi. Mistari minne."

Kidole chake kikasimama juu ya karatasi.

"Mistari nne," akasema. "Hospitali mzima, watu wote wale wamesoma shule, na mistari nne."